Maji, Lugol, KOH au Melzer: uanze na kipi unapotambua kuvu ndogo kwa hadubini?

Tuseme umeokota kijiti kilichooza kando ya kijito. Juu yake kuna visahani vya rangi ya chungwa, na kila kimoja hakifiki upana wa milimita 1. Kwa macho ni nukta tu. Kwa lenzi ya mkononi unaona ukingo, pengine na vinyweleo, basi. Spishi zenye sura hiyohiyo ni nyingi mno, na jina la hiyo uliyoishika limejificha ndani: katika vifuko vinavyobeba spora, katika nyuzi zilizosimama kati ya vifuko hivyo, katika namna kifuko kinavyofunguka nchani. Itabidi uchukue wembe, ukate kipande chembamba kadiri unavyoweza, ukilaze kwenye slaidi, ukidondoshee kimiminika, ukifunike kwa kioo na kukipeleka chini ya hadubini.

Kimiminika kipi? Wengi wanaoanza hushika chupa iliyo karibu. Nami nilianza hivyo, nikaharibu sampuli ambayo sikuipata tena. Hapa nalinganisha vimiminika vitano vinavyotumika zaidi: maji, ayodini ya Lugol, dawa ya Melzer, KOH (hidroksidi ya potasiamu, alkali kali) na kotoni bluu (rangi ya buluu ya kutilia sampuli). Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: maji kwanza, kila mara kuvu ikiwa hai. Na kama uwezo wako unafika chupa moja tu ya dawa, iwe ya Lugol.

Maneno machache kabla ya kuendelea

Kuvu tunazozizungumzia ni askomiseti, yaani kundi ambalo spora zake hutengenezwa ndani ya kifuko. Wataalamu hukiita askasi. Mimi nitasema kifuko. Kwa kawaida kifuko kimoja hubeba spora 8. Kati ya vifuko husimama nyuzi tasa ziitwazo parafisi. Kwenye mguu wa kifuko, pale kinapoota kutoka kwenye tishu, huwa kuna kulabu ndogo katika spishi fulani, na katika nyingine haipo. Nchani ndipo penye habari nyingi zaidi. Vikombe vya oda ya Pezizales vina vifuko vyenye mfuniko, unaofunuka kama wa birika spora zinapofyatuka. Visahani vidogo vya Helotiales havina mfuniko. Spora hutokea kwenye tundu, na mara nyingi tundu hilo limezungukwa na pete inayogeuka buluu ikifikiwa na ayodini. Buluu hiyo, ikiwepo au isipokuwepo, hukata orodha ya majina mara moja.

Hadubini nilijifunzia mbali na msitu, kwenye maabara ya kituo cha afya, nikipima choo. Waliopita huko wanaijua kazi: slaidi moja, matone mawili. Kushoto maji ya chumvi, kulia ayodini. Kwenye maji ya chumvi amiba hai inatembea, unaiona ikijisukuma mbele. Kwenye ayodini imekufa, lakini viini ndani ya sisti, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda, vinaonekana, unavihesabu. Sijawahi kusikia mtu wa maabara akiuliza tone lipi libaki na lipi liondolewe, maana kila moja lina jibu ambalo jenzake halina. Kuvu ndogo zilipokuja kunishika moyo, nilijikuta nimerudi kwenye slaidi ileile.

Maji: kuvu ikiwa hai

Sampuli niliyoiharibu ilikuwa visahani vyororo kama nta, vya rangi ya chungwa iliyofifia, kwenye ganda la tawi lililoanguka. Nilikuwa na chupa ya KOH, nikaitumia. Nikaona spora ndogo mno, tupu, zisizo na kitu ndani. Vifuko vilikuwa vimesinyaa. Nikaandika nilichokiona, nikatupa kipande kilichobaki. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sura ile ya nje ni ya jenasi ya Orbilia, na kwamba spora hai ya Orbilia ina kijimwili ndani yake, aghalabu karibu na ncha moja: pengine cha mviringo, pengine kama tone la machozi, pengine kama uzi uliopinda. Umbo lake ndilo linalotenganisha spishi. KOH hukifuta. Ayodini huua seli nacho kinapotea. Kinaonekana kwenye maji tu, tena spora ikiwa hai.

Aliyelisimamia jambo hili kuliko wengi ni Mjerumani Hans-Otto Baral. Mwaka 1992 alichapisha kazi ndefu akionyesha kwamba seli hai na seli iliyokufa ya askomiseti ni kama vitu viwili tofauti mbele ya hadubini, na kwamba majina mengi yalikuwa yamejengwa juu ya seli zilizokufa za makabati ya makumbusho. Kifuko hai kimejaa, kimetuna. Kikifa husinyaa, na upana wake hupungua kiasi cha kukupotosha kabisa ukilinganisha na vipimo vya mtu aliyepima kikiwa hai. Matone ya mafuta ndani ya spora, ambayo idadi na mpangilio wake ni alama nzuri, huungana yakawa tone moja kubwa au hutawanyika. Vakuoli, yaani vijimfuko vya majimaji ndani ya seli, ambazo hung'aa ndani ya parafisi, hupotea.

Vakuoli hizo zina kisa chake, na kinaonyesha kwa nini mpangilio ni muhimu. Chukua Mollisia, visahani vya kijivu vinavyopatikana kwenye mbao na mabua yaliyolowa. Kwenye maji, parafisi zake zimejaa miili mirefu inayong'aa kama kioo. Sasa weka tone la KOH ukingoni mwa kioo cha juu, weka kipande cha karatasi ya kunyonyea upande wa pili, dawa ivutwe polepole chini ya kioo. Usiondoe jicho. Katika spishi nyingi za jenasi hiyo utaona wimbi la manjano likipita pale dawa inapozifikia parafisi. Aliyeanza na KOH moja kwa moja anaweza kuikosa kabisa, kwa kuwa rangi huzimuka haraka na miili ile hakuiona ikiwa mizima.

Maji pia yanakuonyesha mwendo. Baadhi ya askomiseti, hasa za kundi la Dothideomycetes, zina vifuko vyenye kuta mbili. Kifuko kikiiva, ukuta wa nje hupasuka na wa ndani hurefuka ghafla kama darubini ya baharia inayovutwa, ndipo spora zitoke. Ukiliona hilo mara moja kwenye maji, hutahangaika tena kujiuliza kama ukuta ni mmoja au ni kuta mbili.

Udhaifu wa maji upo. Slaidi hukauka upesi, hasa mahali pa joto, kwa hiyo kaa na kitone cha kuongezea ukingoni. Kuta nyembamba hazionekani vizuri kwa kuwa kila kitu kina mwanga uleule. Punguza kidogo mwanya wa kondensa, ile lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi. Na sampuli iliyokauka hadi kufa haifufuki kwa maji. Lakini usikate tamaa mapema na kuvu kavu: nyingi za zile zinazoishi kwenye vijiti vilivyo juuni, zilizozoea jua na mvua kupokezana, hubaki hai kwenye bahasha ya karatasi kwa miezi. Loweka usiku mmoja, tazama asubuhi. Bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Ndani ya plastiki zitaoza kabla hujafika nyumbani.

Lugol na Melzer: ayodini mbili zisizofanana

Hapa ndipo watu hubishana zaidi, na hapa ndipo nataka tukae.

Lugol ni ayodini na iodidi ya potasiamu ndani ya maji, basi. Daktari Mfaransa Jean Lugol aliitengeneza mwaka 1829. Ndiyo iliyoko kwenye maabara ya choo, na ndugu yake ndiye anayetumika darasani kupima wanga kwenye kipande cha muhogo. Melzer ina ayodini na iodidi ileile, lakini ndani ya maji yaliyochanganywa na hidrati ya klorali kwa wingi. Mcheki Václav Melzer aliitengeneza miaka ya 1920 kwa ajili ya uyoga wa Russula, ili miiba ya spora zake ionekane. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, na vitabu vya uyoga vikaifanya kuwa dawa ya kawaida, hadi watu wakaihamishia kwenye askomiseti bila kuuliza.

Kwa pete inayogeuka buluu kweli, zote mbili hutoa jibu lilelile. Xylaria, wale vidole vyeusi vinavyotokeza kwenye visiki, ni mfano mzuri wa kujizoeza: nchani mwa kifuko kuna kizibo kinachogeuka buluu iliyokolea, na kwa lenzi ya mafuta, ile inayogusa tone la mafuta juu ya slaidi, unaona umbo lake kabisa, kama kofia ndogo. Ukiwa na Lugol utaiona. Ukiwa na Melzer utaiona. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi upo kwenye vifuko ambavyo havigeuki buluu moja kwa moja. Kuna askomiseti ambazo ukuta wa kifuko chake hugeuka mwekundu katika Lugol. Katika nyingine, ayodini ikiwa hafifu ni buluu, ikikolea inakuwa nyekundu. Ukizitia KOH kwanza, ukasuuza, kisha ayodini, zote huwa buluu. Tabia hii huitwa hemiamiloidi, na Baral aliieleza kwa kirefu mwaka 1987 akilinganisha hizi dawa mbili. Melzer huuficha wekundu huo: aghalabu mtu hutazama, haoni kitu, anaandika "hakuna". Basi kuvu moja, mtu wa Lugol anaandika "nyekundu", mtu wa Melzer anaandika "hakuna", na mtu wa tatu aliyeanza na KOH anaandika "buluu". Watatu hao wote wametazama kwa makini, na wote wameandika walichokiona. Ukisoma maelezo ya zamani ya spishi bila kujua aliyeandika alitumia nini, neno "hasi" halikuambii mengi.

Ndiyo sababu nasema Lugol. Inatoa majibu matatu pale Melzer inapotoa mawili. Inaingia kwenye slaidi ya maji bila kuharibu mpangilio. Haina klorali, ambayo ni sumu, ni dawa ya usingizi, na katika nchi nyingi huwezi kuinunua bila kibali. Na inapatikana.

Ila chunga nguvu yake. Kwa kazi hii inafaa yenye ayodini ya takriban asilimia 1. Chupa ya Lugol ya asilimia 5 unaipunguza kwa sehemu 1 ya dawa na sehemu 4 za maji. Ayodini ya Gram, ile inayokaa karibu na zambarau ya kristali kwenye rafu ya bakteria, ni hafifu zaidi, karibu theluthi moja ya asilimia 1. Ukiitumia ukaona buluu, bado hujui kama ni buluu ya kweli au ni ile ambayo ingekuwa nyekundu dawa ingekolea. Rudia kwa iliyokolea. Ayodini ya kusafishia vidonda iache kwenye kabati la huduma ya kwanza: ayodini yake imefungamana na polima na majibu yake si ya kutegemea. Tinkcha ya ayodini nayo ina spiriti, inaua na kusinyaza seli papo hapo.

Kuna mitego miwili ya rangi niliyoiangukia, na sitaki nawe uiangukie. Wa kwanza ni glikojeni, akiba ya chakula ya seli. Vifuko vichanga huwa vimejaa glikojeni, na ayodini huigeuza kahawia yenye wekundu. Ukiona wekundu, jiulize: uko kwenye ukuta au kwenye yaliyomo? Tafuta kifuko kilichokwisha kufyatua spora, kitupu. Ukuta wake ukiwa mwekundu, ndiyo hemiamiloidi. Ukiwa hauna rangi, ulichokiona ni chakula kilichokuwa ndani.

Mtego wa pili ni kijani. Scutellinia ni visahani vyekundu vyenye kope nyeusi ukingoni, vinapenda mbao zilizolowa na udongo wa kando ya mito. Wekundu wake unatokana na karotenoidi, rangi za jamii ya ile ya karoti, ndani ya parafisi. Ukitia ayodini, karotenoidi hugeuka kijani, na kipande chote kinachukua rangi ambayo mtu mwenye haraka ataiandika buluu. Sogeza lenzi taratibu: kijani kimo ndani ya parafisi, kwenye vichwa vyake vilivyovimba. Ncha za vifuko hazina rangi. Kikombe cha Peziza ni kinyume chake, ncha za vifuko ndizo buluu. Tone moja linakutenganishia familia mbili, mradi usikose pa kutazama.

Melzer nisiidharau. Ina usafi wake; klorali hufanya tishu ziwe angavu, na ukilinganisha kuvu yako na maelezo ya mtu aliyetumia Melzer, ni haki utumie dawa yake ili mzungumze lugha moja. Kama tayari unayo kwa sababu unafanya uyoga mkubwa, itumie baada ya Lugol, si badala yake.

KOH

Kwenye zahanati KOH inajulikana kwa kazi ya magamba ya ngozi: inayeyusha seli za mtu, nyuzi za fangasi zinabaki. Kwenye kuvu ndogo inafanya kitu cha jamaa hiyo. Inalainisha, inatanua, inatenganisha. Kwa sampuli iliyokufa na kukauka, hasa ya miaka mingi, ndiyo chaguo la kwanza, maana hapo hakuna uhai wa kuulinda. Kipande kigumu kama gome kinakuwa laini, unakigonga kwa ncha ya penseli juu ya kioo, vifuko vinatawanyika mmoja mmoja hadi mguuni.

Na mguuni ndipo kwenye kulabu. Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa Ulaya, kwa sababu unaonyesha uzito wa kitu kidogo namna hii. Miti ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza) ilianza kufa Poland miaka ya mwanzo ya 1990, kisha ugonjwa ukasambaa bara zima. Kuvu inayohusika ilielezwa mwaka 2006 ikiwa katika umbo lake lisilo na vikombe. Baadaye vikombe vyake, vyeupe na vidogo, vikatambuliwa kwenye vikonyo vya majani ya mwaka uliotangulia. Tatizo: kwenye vikonyo hivyohivyo kuna kuvu nyingine ya asili, Hymenoscyphus albidus, isiyoua mti, yenye vikombe vyeupe vilevile. Spora zinafanana. Vifuko vinafanana. Lakini muuaji, Hymenoscyphus fraxineus, ana kulabu kwenye mguu wa kifuko, na albidus hana. Kulabu hiyo ni ya mikromita chache (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwenye maji tu ni kazi kuiona. Tishu zikilainishwa kwa KOH na kuta zikitiwa rangi nyekundu ya Kongo, inajitokeza. (Rangi hiyo haihusiani na Kongo hata kidogo. Ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1880, ikabandikwa jina hilo sokoni wakati mkutano wa Berlin wa 1884–1885 ulikuwa midomoni mwa watu.)

Kwa kazi ya slaidi, KOH ya asilimia 3 hadi 5 inatosha. Chupa ya asilimia 10 ya maabara changanya nusu kwa nusu na maji. Asilimia 10 yenyewe ibakize kwa rangi za Daldinia na Hypoxylon. Vunja kipande kidogo cha ganda la Daldinia eschscholtzii, ile donge nyeusi kama mkaa iliyojaa kwenye magogo ya nchi za joto, kiweke ndani ya tone juu ya karatasi nyeupe: zambarau inatiririka. Katika Hypoxylon rangi inayotoka hutofautiana kwa spishi, ikaweza kuwa ya chungwa, kijani au zambarau, na maelezo yake huanza na rangi hiyo kabla hata ya spora. Katika KOH hiyohiyo, spora nyeusi za Daldinia huvua ngozi ya nje kama nyoka, alama nyingine ya kuandika.

KOH huunguza ngozi na jicho, na ikigusa lenzi huila. Na usiitie ayodini juu yake bila kusuuza: alkali huifuta ayodini rangi, utabaki na slaidi nyeupe ukidhani jibu ni "hasi". Vuta maji chini ya kioo mara mbili, tatu, ndipo ulete Lugol.

Kotoni bluu

Hii ina kazi moja kubwa, mapambo ya spora. Chunusi za Scutellinia, mistari ya urefu kwenye spora za Cookeina, vile vikombe vya waridi vyenye umbo la bilauri kwenye mbao za misitu ya tropiki. Kwenye maji spora inaonekana laini au yenye ukungu ukingoni; kwenye kotoni bluu mapambo hunywa rangi, mwili wa spora unabaki mwepesi, na unahesabu mistari. Pasha slaidi kidogo juu ya moto, usichemshe, usubiri. Chagua iliyotengenezwa kwa asidi ya laktiki. Ile ya fenoli inafanya kazi lakini fenoli ni sumu ambayo sioni haja ya kuivuta puani nyumbani. Huwezi kufikisha Scutellinia kwenye spishi bila dawa hii. Kwa visahani vingi vya Helotiales vyenye spora laini, hutaihitaji.

Basi wewe uchague nini?

Kama wewe ni mwalimu au mwanafunzi mwenye hadubini ya shule isiyo na lenzi ya mafuta, anza na mavi ya ng'ombe. Nasema kwa dhati. Chukua donge, liweke kwenye kopo la plastiki juu ya karatasi ya chooni iliyoloa, funika, weka karibu na dirisha pasipo jua kali. Kwanza zitaota ukungu wenye shingo ndefu, ambazo si askomiseti. Baada ya wiki moja au mbili tafuta visahani vya manjano au kijani vyenye nukta nyeusi juu. Hiyo ni Ascobolus. Nukta ni vifuko vilivyoiva, vimetokeza kusubiri kufyatua. Kwenye maji utaona spora 8 za zambarau, kubwa, zenye nyufa za urefu kwenye rangi yake, na ukibahatika utaona kifuko kikifunuka mfuniko na spora zote zikiruka pamoja chini ya kioo. Ongeza Lugol ukingoni: katika spishi nyingi ukuta wa kifuko wote unakuwa buluu. Lenzi ya 40 inatosha. Maji na Lugol, hakuna kingine cha kununua.

Kama uko maabara ya afya, unavyo tayari karibu vyote, Lugol, KOH, pengine na kotoni bluu ya fangasi. Unachohitaji ni kupunguza nguvu zake kama nilivyoeleza na kuziweka kwenye chupa zako mwenyewe zenye lebo, zisichanganywe na za wagonjwa.

Kama unakusanya msituni na unarudi jioni, usikate sampuli kumi usiku huo kwa haraka. Tazama mbili zikiwa hai, nyingine zibaki kwenye bahasha. Vikombe vyenye nyama, kama vya Peziza, havingoji. Hivyo ndivyo vya usiku wa kwanza. Vya kwenye vijiti vikavu vinangoja.

Kama kazi yako ni sampuli za kale za kabati, mpangilio unageuka: KOH kwanza kwenye kipande kimoja, Lugol bila KOH kwenye kipande cha pili, Lugol baada ya KOH kwenye cha tatu. Vipande vitatu vidogo, kwa sababu ukijaribu yote kwenye kimoja hutajua rangi imetokana na nini.

Na kama unafikiria kununua Melzer kabla ya kuwa na kitu kingine, fedha hiyo iwekeze kwenye lenzi ya mafuta iliyo nzuri na kwenye kioo kidogo chenye mistari ya kupimia urefu ndani ya lenzi ya jicho. Pete ya mikromita moja haionekani kwa dawa nzuri na lenzi mbovu.

Kuhusu kupima kwenyewe, pima spora zilizotoka zenyewe. Lalisha kisahani ubavuni mwa slaidi yenye unyevu, kifunike kwa kikombe kwa saa chache; spora zitafyatuka na kutua kwenye kioo. Hizo zimeiva. Zile ulizozikamua kutoka kwenye vifuko zimo na changa ndani yake. Pima 20 au zaidi, andika ndogo kabisa na kubwa kabisa, na usiandike wastani peke yake.

Pembeni mwa kila kipimo weka alama ya hali ya seli. Wanaofuata njia ya Baral huweka nyota * kwa hai na msalaba † kwa iliyokufa, kisha kimiminika: "* maji", "† KOH 5%", "† Lugol". Daftari langu la kwanza halina alama hizo. Vipimo vyake vingi siwezi kuvitumia leo, na kile kijiti chenye visahani vya rangi ya chungwa bado kimeandikwa "Orbilia?" pamoja na alama ya kuuliza.